Mashine Tuliyoiita Okia

Tarehe kumi na nne Agosti mwaka jana tulimpoteza Madam Boke. Simu iliponifikia nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga mbuzi. Aliyepiga ni Min Otis, mama aliyekaa miaka mingi kuliko wote katika banda la kuchambua omena, dagaa wa ziwani, pale Kisegi, banda ambalo nilikuwa msimamizi wake mpaka nikastaafu. Hakusema mengi. "Baba Achieng', yule mtoto wa Kuria ametuacha." Nyuma ya sauti yake nilisikia mkanda wa mashine ukizunguka, halafu mtu akauzima.

Nimeona niwaandikie ninyi vijana mnaoingia kazini sasa. Nikikutana na mmoja wenu njiani ananiuliza kuhusu hii akili unde inayotajwa redioni, kama itakula kazi zenu ama itawaachia mabaki. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Mambo ya miaka ijayo siyawezi. Ninaloweza ni kuwaambia jinsi mtu mmoja alivyotutayarisha sisi, kwa sababu nililiona kwa macho yangu, na yeye hayupo tena wa kulieleza mwenyewe.

Kwanza niwaambie nilivyotayarishwa mara ya kwanza. Kabla ya omena nilikuwa mpakiaji wa miwa huko Awendo. Tulipakia kwa mikono na mabega, mizigo juu ya lori mpaka shingo inakuwa ngumu kama gogo. Asubuhi moja tulifika shambani tukakuta trekta lenye makucha limesimama kando ya lori, linaokota miwa kama mtu anayeokota kuni za kuwashia moto. Mkandarasi wetu hakushuka hata garini. Alitoa kichwa dirishani akasema leo hakuna kazi, na kesho tusijisumbue kuja. Mafunzo yetu yaliishia hapo. Mwenzangu mmoja, mwenye nguvu kutushinda sote, alikaa ukingoni mwa mtaro akavua gambuti zake polepole, akazibeba mkononi na kwenda nyumbani miguu mitupu. Sijawahi kujua kwa nini alizivua. Lakini kila nikisikia mashine mpya inakuja mahali, miguu ile ndiyo naiona.

Kwa hiyo Bwana Odera, mwenye banda letu, aliponiita akasema analeta mashine yenye akili, niliitikia tu, na moyoni nikaona makucha.

Bwana Odera si mtu mbaya. Alisema wazi. Wanunuzi wa mjini walikuwa wanarudisha magunia kwa sababu ya mchanga, na mashine itasaidia. Ataijaribu msimu mmoja. Akina mama wakiiweza, banda litabaki Kisegi. Wasipoiweza, atahamisha mashine na kazi yote hadi Homa Bay mjini, ambako alikuwa na stoo nyingine, na la Kisegi atalifunga. Mnaojua Kisegi mnaelewa maana yake. Mama aliyezoea kuchambua, ambaye hana mtaji wa kununua samaki wake mwenyewe, akifungiwa banda hana pa kwenda.

Kwa wale wasioijua kazi hii: omena huanikwa juu ya nyavu ufukweni. Ikikauka na kukusanywa, inakuja imechanganyika na vitu. Kuna fulu, samaki wadogo wa aina nyingine, kuna ochong'a, wale kamba wadogo wa ziwani, kuna changarawe, nyasi, hata vipande vya wavu. Iliyo safi inaenda kwa watu. Chafu na iliyovunjika inaenda kwa chakula cha kuku. Kuchambua ni kukaa mbele ya rundo na kutenganisha, kutwa nzima, mikono ikinuka hata ukioga mara tatu.

Madam Boke, aliyeajiriwa kutufundisha, alikuja na mashine, lakini hakuja kama mashine. Alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, mfupi, ana gambuti kama zetu. Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe katika soko la Ogwedhi, huko mpakani na Narok, na alikuwa amekulia sokoni katikati ya Wakuria, Wajaluo na Wamaasai wakibishana bei kwa Kiswahili. Dholuo hakukijua. Kwa hiyo banda zima likalazimika kuongea Kiswahili, na akina mama wakalalamika kwamba sasa wanaongea kutwa kama watu walioitwa kwa chifu.

Mashine iliposhushwa tulidhani ataiwasha siku hiyo hiyo. Hakuiwasha. Alikaa mezani akachambua omena pamoja nao kwa siku kadhaa. Alikuwa mchambuzi mbaya, simfichi. Min Otis alikuwa akipitisha mkono katika beseni lake na kutikisa kichwa. "Madam, hii yako hata kuku atauliza imetoka wapi." Boke anacheka, anasogeza beseni, anaomba aonyeshwe tena. Nilimwuliza kwa nini anajitesa. Akaniambia kwamba hawezi kumfundisha mtu kuacha kazi ya mkono ikiwa hajui mkono wenyewe hufanya nini.

Siku ya kuiwasha, alituambia kwanza tuizunguke. Baba yake, alisema, alikuwa hanunui ng'ombe mpaka amzunguke mara mbili, aangalie nyuma, ainame aangalie chini, ashike mkia. Basi tukaizunguka mashine ile, akina mama wote na leso zao, kama wanunuzi wa Ogwedhi. Kulikuwa na mkanda unaotembea, kamera juu yake imening'inia kwenye mkono wa chuma, na skrini mezani. Min Otis alichuchumaa akachungulia chini. Akauliza, "Na meno yake yako wapi, tujue umri?" Boke akajibu kwamba hii haijaota meno, ndiyo maana tumeletewa tuilee. Watu wakacheka, na kile kicheko kilifanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote niliyowahi kusikia.

Halafu akaiwasha. Kamera inaangalia omena ikipita, na kwenye skrini kila kitu kinazungushiwa kisanduku. Kijani ni omena safi, nyekundu ni kitu cha kutoa, na chini ya kisanduku jina lake: fulu, nyasi, jiwe. Mimi kama msimamizi niliona lazima nionekane naelewa. Nikainama juu ya mkanda nichungulie vizuri. Kichwa changu hakina nywele tangu ujana. Kikajaa kwenye kamera, na kwenye skrini kikatokea kisanduku kikubwa chekundu kimenizunguka kipara chote, na chini yake: jiwe.

Tangu siku hiyo jina langu bandani likawa Jiwe. Wake za watu, wajukuu zao, hata wavuvi waliniita hivyo. Nilikuwa nimeheshimiwa miaka mingi, nikaangushwa na mashine katika dakika moja.

Lakini ngojeni, kwa sababu hapo ndipo Boke alipoanza kufundisha. Akina mama walikuwa wanasema, "Imejua ni jiwe." Yeye akasimamisha mkanda. Akasema neno ambalo nawapa ninyi mlitunze. "Msiseme imejua. Semeni imekisia. Hii kitu haijui jiwe, haijui omena, haijui Mzee. Imeonyeshwa picha nyingi, sasa inakisia. Ikikisia vizuri tunashukuru. Ikikisia vibaya, tunairekebisha." Akaweka sheria: atakayesema mashine imejua, ndiye atakayechota maji ya chai siku hiyo. Nimechota maji hayo mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Jina Okia lilitoka hapo. Kwa Dholuo, "okia" maana yake hajui. Mashine ikikosea, mama mmoja anasema okia, mwingine anaitikia okia, mpaka likawa jina lake. Boke alipoelezwa maana alifurahi sana. Aliwapigia simu watu waliotengeneza mashine, wako Nairobi, akawaambia kwamba rangi mbili hazitoshi. Anataka ya tatu, ya wakati ambapo mashine yenyewe haina uhakika. Walimwambia wanunuzi wa mashine hawapendi inayosema haijui. Nilikuwa nimesimama karibu. Alijibu kwa upole kwamba akina mama wa huku ndio watakaoitumia, na wao wanaipenda hivyo. Wiki chache baadaye ikaja rangi ya manjano. Kisanduku kikiwa cha manjano, mchambuzi ndiye anaamua, anabonyeza kitufe, na mashine inajifunza kutoka kwake. Manjano yenyewe ikaitwa okia. "Hapa kuna okia tatu, njoo uone." Mkipewa mashine kazini, vijana, angalieni kwanza kama inaweza kukiri kwamba haijui. Kama haiwezi, ninyi ndio mtakaobeba lawama ya kimya chake siku mambo yakiharibika.

Kuna mambo madogo ya mikono ambayo hamtayapata kwenye mafunzo ya ofisini, niyaseme kabla sijasahau. Kioo cha kamera hushika vumbi la magamba, na ukilifuta kwa leso yenye mafuta ya mkono unaharibu zaidi. Tulikuwa tunatumia pamba kavu, polepole, kama unamfuta mtoto jicho. Bati la banda letu lilikuwa na tundu, na jua likipita pale saa nne, omena iliyopo chini yake inang'aa, na mashine inaiita jiwe mstari mzima. Boke hakumpigia fundi. Alimwomba mtu apande azibe tundu kwa kipande cha gunia.

Na kuna omena iliyonyeshewa. Mvua ikiipiga ikiwa wavuni, kisha ikaanikwa tena, kwa macho ni nzuri, lakini harufu inakuambia ukweli. Mashine inaipa kijani bila wasiwasi. Boke alituambia waziwazi siku za kwanza: hii haina pua na haitapata pua. Kwa hiyo pua ni kazi ya mtu. Akataka achaguliwe mmoja wa kunusa kila gunia kabla halijamwagwa mkandani. Cheo hicho kiligombaniwa kuliko kiti cha diwani. Mama mmoja aliyekipata alishikwa na mafua akaficha, akanusa siku nzima bila kusikia kitu, mpaka Min Otis akamwekea soksi yangu chini ya pua akasema ni omena ya Sindo, naye akasema ni safi kabisa. Akapumzishwa mpaka apone.

Sasa niingie kwa jambo lililokaribia kulifunga banda.

Siku ya kwanza skrini ilikuwa mezani, kila mtu anaiona. Baadaye Bwana Odera aliagiza ihamishiwe kwenye kile kiofisi changu. Mezani wakaachiwa taa tatu tu, kijani, nyekundu na manjano. Alisema nitaweza kuona nani anazembea. Ilihamishwa. Haikupita muda, mashine ikaanza kupofuka. Kwenye skrini yangu inakuwa giza, inarudi, giza tena, na nikitoka kuangalia sioni kasoro. Fundi alikuja kutoka Kisumu, akabadilisha waya. Akiwepo, mashine inaona vizuri. Akiondoka, inapofuka. Alikuja tena, akabadilisha kamera nzima. Vivyo hivyo. Bwana Odera akaanza kusema kwa simu kwamba ameona, Kisegi imeshindwa, na aliuliza lori la kubeba mashine litapita lini.

Mchana mmoja Boke alitoka kwenda kula, akarudi ghafla kuchukua simu aliyoisahau. Nilikuwa nyuma yake. Tukaikuta kamera imefungwa leso ya maua, imekazwa vizuri na kupindwa pembeni, kama mama anavyofunika kichwa cha mtoto akienda naye kliniki.

Akina mama walikuwa wanakula. Wote wakapata kitu cha kutazama ndani ya sahani zao.

"Hii leso ni ya nani?" Boke akauliza.

Min Otis akameza kwanza. "Ni yangu. Nitaichukua nikienda."

"Na mbona umeivalisha kamera?"

"Hiyo si kamera, Madam. Ni jicho. Linaangalia chakula cha watu asubuhi mpaka jioni, halifumbi, na halijawahi kuonja. Mtoto wa Akoth, mwenzetu huyu, amekula omena ya hapa, amelia tumbo mpaka kukacha."

Ninyi vijana mtacheka, lakini ngojeni. Kwetu kuna mtu tunamwita jasihoho. Akikutazama ukila, jicho lake linaingia na chakula tumboni, unachomwa ndani mpaka aitwe mtu wa kulitoa. Ndiyo maana mtu wa huku akiona unamtazama akiwa anakula, hata kama ana tonge moja la ugali, anakukaribisha. Ukionja, jicho linakuwa halina neno tena. Ikawa ni kazi yangu kumweleza Boke haya kwa Kiswahili, na nilikuwa nangoja acheke, ama atusomee.

Alivuta gunia akakaa. Akasema hata kwao watu huogopa jicho la mtu. Kisha akauliza swali kama mtu anayetaka kujua. "Na huyu jasihoho, akiwa hawezi kula, mnafanyaje?"

Hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Min Otis akasema, "Basi ndugu yake amlie."

"Mimi ndiye nimekuja nayo," Boke akasema. "Kwa hivyo ndugu yake ni mimi."

Akasimama, akafungua ile leso, akaikunja na kumrudishia Min Otis kwa mikono miwili. Akachukua omena moja kutoka mkandani, akaiinua mbele ya kamera, kisha akaila, kavu, na kichwa chake. "Haya, umekula. Sasa angalia vizuri." Akina mama walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Baadaye aliwaambia bila kuwaficha kwamba yeye haamini kamera ina jicho baya. Lakini anaamini wao wanaogopa, na anayeogopa hafundishiki.

Kama angeishia hapo ningesema alikuwa mjanja. Hakuishia hapo. Aliingia ofisini kwangu, akaibeba skrini na waya zake, akaiweka mezani ikiwatazama akina mama. Tukaona wote kile ambacho mimi nilikuwa nakiona peke yangu. Kamera haikuwa inaona omena tu. Ilikuwa imeinuliwa juu siku skrini ilipohamishwa, inaona mikono yao, vifua vyao, uso wa Min Otis akitafuna. Kulikuwa na namba ndogo pembeni zinazopima kasi ya kila mkono. Boke akasema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa:

"Mtu akikutazama kutwa nzima na hataki kukuonyesha anachoona, hata mimi ningemfunika."

Siku iliyofuata Bwana Odera alifika mwenyewe. Waliongea mbele ya banda, nasi tukasikia karibu yote, kwa sababu bati halizuii kitu. Bwana Odera alisema amemwajiri awafundishe watu mashine, si aifundishe mashine adabu. Boke alimwacha amalize. Akamwambia, "Bosi, mashine hii ni ya omena. Nitashusha kamera iangalie mkanda peke yake, na skrini itakaa kwa hawa mama. Ukitaka ya kuwachunga, nunua nyingine, na utafute mtu mwingine wa kuileta."

Fikirieni hilo. Alikuwa na kazi nzuri, na alikuwa ameiweka rehani pale kwa ajili ya watu ambao lugha yao hakuijua. Bwana Odera alizunguka gari lake mara moja. Alisema sawa, lakini msimu ukiisha na magunia yakirudishwa, asilaumiwe.

Kamera ikashushwa. Boke alibandika utepe mweupe kwenye kingo za mkanda kuonyesha mpaka wa jicho, na kila mtu alijaribu kuingiza kidole nje ya utepe aone kama kitatokea kwenye skrini. Hakikutokea. Tangu hapo sikuona leso juu ya kamera tena. Kilichoanza ni ugomvi. "Okia, hiyo ni fulu ama ni nyanya yako?" Mama anabonyeza, anairekebisha, anaitukana kidogo, anaendelea. Mtu hagombani hivyo na kitu anachokiogopa. Na mashine ikazidi kuwa nzuri, kwa sababu sasa ilikuwa inafundishwa na watu waliotaka ijue.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, Boke alikula ile omena moja mbele ya kamera. Ilianza kama mzaha ikawa desturi. Alipokuwa safarini, maana alianza kuitwa kufundisha mahali pengine, alipiga simu ya video. Akoth anaisimamisha simu mbele ya kamera, na Boke huko aliko anakula alichonacho, hata biskuti, anasema, "Umekula, angalia vizuri." Ndipo kazi inaanza.

Mwisho wa msimu Bwana Odera alikuja na mnunuzi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, omena yenyewe ilikuwa mbaya, na mama wa pua alirudisha magunia mengi kabla hayajafika mkandani. Mnunuzi alifungua gunia lililokwisha kuchambuliwa, akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa konzi kutoka chini kabisa. Akaimwaga kiganjani, akaipekua kwa kidole. Akafungua lingine. Halafu akauliza kama tunaweza kumpa zaidi. Bwana Odera aliizunguka mashine polepole, akainama akaangalia chini, na mimi nikajiuliza ni nani alimwambia habari za ng'ombe wa Ogwedhi. Akasema, "Ibaki."

Min Otis akaenda kuchota maji ya chai, ingawa hakuwa amekosea neno.

Lazima niseme na upande mwingine, nisije nikawadanganya. Mashine ilipunguza mikono mezani. Boke alikuwa amekubaliana na Bwana Odera mapema kwamba hakuna atakayefukuzwa, na waliotoka mezani walipelekwa kuanika na kufunga pakiti ndogo za madukani. Wengi walizoea. Wawili hawakupenda, wakaondoka. Mmoja anauza samaki Sindo na tukikutana tunasalimiana vizuri. Mwingine hanisalimii. Boke alimwendea nyumbani kwake zaidi ya mara moja, na sijui waliongea nini.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amekonda, anafundisha akiwa ameketi juu ya gunia. Alisema ni uchovu wa barabara. Tulikubali, kwa sababu tulitaka iwe hivyo. Asubuhi ya tarehe kumi na nne Agosti alipiga simu kama kawaida. Akoth aliniambia kwamba dada wa Boke ndiye alikuwa ameishika simu, na Boke aliweka mdomoni kijiko cha uji, akasogeza midomo bila sauti kutoka. Wakawasha mashine. Mchana ndipo ikaja ile simu nyingine.

Tulienda kumzika na lori la omena, likiwa limeoshwa. Tulipitia Sori mpaka Migori mjini, kisha tukapanda upande wa Kuria. Baba yake ni mzee mrefu, mkimya. Baada ya mazishi alikuja tulipoketi, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni ni nani kati yetu aliyelifunga jicho leso. Min Otis aliinua mkono kama mwanafunzi. Mzee akamshika mkono huo, akasema, "Siku ile alipiga simu nyumbani akicheka. Alisema amepata kazi sasa." Min Otis hakuurudisha mkono wake haraka.

Bwana Odera alikuwa ameniomba nirudi bandani wiki moja. Alikuwa amesema kwamba Boke ndiye aliyekuwa roho ya kitu kile, na kikisimama hatakuwa na la kufanya ila kukipeleka Homa Bay mjini. Mashine haikuwa imewashwa tangu siku ile ya simu.

Asubuhi niliporudi, akina mama walikuja wote. Walijifunga leso, mama wa pua akanusa magunia, omena ikamwagwa. Halafu wakasimama. Akoth alikuwa ameshika simu yake mkononi, na kila mtu alikuwa anaitazama ile simu, na haikulia. Kitufe nakijua kilipo. Ningeweza kukibonyeza. Sikuona kama ni mahali pangu.

Min Otis akasogea mbele. Alichagua omena moja kutoka kwenye rundo, akaigeuza, akaipangusa chembe ya mchanga kwa kidole gumba. Akaiinua mbele ya kamera.

"Okia," akasema, "ndugu yako hayuko. Mimi ndiye nitakulia."

Akaila. Alitafuna muda mrefu, na tukamngoja. Kisha akabonyeza kitufe, mkanda ukaanza kuzunguka, na visanduku vikatokea kwenye skrini, kijani, kijani, nyekundu, manjano. Niliinama nione ile ya manjano ni nini.

"Jiwe," Min Otis akasema bila kugeuka, "toka hapo, unaziba mwanga."

Nikasogea.